Upele, Harara na Mzio: Historia ya Majina ya Vipele vya Watoto

Miongoni mwa kazi za istilahi zilizo ngumu kuliko zinavyodhaniwa ni ile ya kuyapa majina maradhi ya ngozi. Maradhi ya ini au ya figo yamefichika, na mtaalamu aweza kuyaita apendavyo bila mtu kumpinga. Lakini kipele huonekana na kila mtu, na kila mtu amekwisha kukipa jina kabla ya tabibu kuitwa. Katika makala haya tunakusudia kufuata historia ya majina machache ambayo Kiswahili kimeyatumia kwa vipele vya watoto, hasa vile viwashavyo vinavyotokea mtoto akiwa katika homa ya virusi, au siku chache baada ya homa hiyo kumwachia. Vipele vya namna hii ni vya kawaida mno, na aghalabu huondoka vyenyewe. Taabu yake kubwa imo katika jina. Kwa kuwa havina jina lao wenyewe, huazima majina ya maradhi mengine. Na jina la kuazima halitembei peke yake, bali huja na dawa yake, na miiko yake, na pengine na aibu yake.

Tuanze na majina yaliyokwisha kukaa imara. Ndui, surua na tetekuwanga ni maneno ambayo hayahitaji kuelezwa kwa msemaji yeyote wa lugha hii, ingawa wako wasemao shurua mahali pa surua, na ndugu zetu wa Kenya hupenda zaidi kusema ukambi. Jambo linalostahili kuangaliwa ni kwamba Kiswahili, ambacho kimechota katika Kiarabu maneno mengi ya uganga wa vitabuni, kama vile tabibu, dawa, maradhi na afya, hakikuchukua majina ya Kiarabu ya vipele hivi vikubwa. Waarabu huita ndui judari, na surua huiita hasba. Kwa majina hayo mawili al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyefariki katika robo ya kwanza ya karne ya 10, alikiita kitabu chake mashuhuri kilichoeleza jinsi ya kuyapambanua maradhi hayo. Majina hayo hayakushika mizizi kwetu. Mtu huazima jina la kitu kigeni. La kitu kilichomzika nduguye huwa analo tayari.

Tetekuwanga ni neno linalojieleza lenyewe kwa msikiaji. Ndani yake mnasikika tete, yaani punje changa za nafaka ambazo hazijakomaa, na kuwanga, ambako ndiko kuuma kwa kuchoma kama kichwa kinavyowanga. Punje zichomazo: si rahisi kulisifu lengelenge la maradhi hayo kwa maneno machache zaidi. Waingereza, kwa upande wao, mpaka leo huita ndui na tetekuwanga kwa neno moja, wakiyapambanua kwa kuongeza udogo katika la kwanza na kuku katika la pili. Hata madaktari wao waliyachanganya kwa muda mrefu, mpaka William Heberden aliposoma mbele ya wenzake huko London, mwaka 1767, maelezo yaliyoonyesha wazi kwamba ni maradhi mawili mbalimbali. Hatusemi hayo ili kujisifu. Tunasema tu kwamba lugha yenye majina mawili yasiyofanana humlinda msemaji wake na kosa ambalo lugha yenye jina moja humtegea.

Ndui yenyewe imekwisha duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alionekana Merca, nchini Somalia, mwezi Oktoba 1977, na mwezi Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi hayo yameng'olewa. Neno, hata hivyo, halikufa pamoja na kitu chake. Mwaka 1970, huko Basankusu katika Kongo, mtoto wa miezi 9 aligunduliwa kuwa na maradhi yaliyofanana na ndui ambayo kabla ya hapo yalijulikana kwa wanyama tu, na wasemaji wakalitwaa tena neno la kale, wakasema ndui ya nyani. Vivyo hivyo neno chanjo, lililotokana na kuchanja, yaani kutia chale, limehama kutoka katika mkono uliochanjwa mpaka kwenye matone yanayotiwa mdomoni, ambayo hayachanji chochote. Lugha haioni haya kwa mambo kama hayo, nasi hatuoni sababu ya kuionea haya kwa niaba yake.

Hapa inatupasa tusimame kidogo juu ya suala la rangi, kwa sababu limewapotosha wafasiri wengi. Mtu akiyachungua majina ya Ulaya ya vipele vya watoto ataona kwamba karibu yote yamejengwa juu ya wekundu: rubeola, rubela, rozeola, skarlatina, eritema. Yote hayo shina lake ni neno la Kilatini au la Kigiriki au la Kiitalia lenye maana ya nyekundu, maana waliyoyatunga walikuwa wakitazama ngozi nyeupe. Majina yetu hayakujengwa hivyo. Tetekuwanga ni umbo na maumivu. Malengelenge ni umbo. Harara ni joto. Upele ni muwasho. Wazee walitaja kile walichokiona na kukigusa, na katika ngozi nyeusi wekundu si jambo la kwanza kuonekana, wala pengine halionekani kabisa. Baka ambalo kitabu kinasema ni jekundu huweza kuwa la zambarau, au kahawia iliyokolea, au likawa na rangi ile ile ya ngozi, lisijulikane ila kwa kiganja kinachopita juu yake na kukuta uvimbe au mkwaruzo.

Basi mfasiri anapoandika katika kijitabu cha afya kwamba mama achunguze kama mtoto ana madoa mekundu, ametafsiri sawasawa maneno, lakini amemtuma mama kutafuta kitu asichoweza kukiona. Mama atatazama, hataona wekundu, ataridhika. Na siku hiyo yaweza kuwa ya surua. Katika jambo hili tunadhani waandishi wa vijitabu wangefaidika kwa kuwaiga wazee kuliko kuiga vitabu: waseme vipele vinavyokwaruza, mabaka yaliyovimba, ngozi yenye joto. Rangi ije baadaye, tena itajwe kama inavyoonekana kwetu.

Sasa tuje kwenye upele, ambalo ndilo neno lenye mzigo mkubwa kuliko yote. Katika matumizi ya kila siku neno hili lina maana mbili. Maana ya kwanza ni ugonjwa mahususi unaoletwa na kidudu cha jamii ya utitiri kinachochimba ndani ya ngozi, ambacho Mwitalia Giovanni Cosimo Bonomo alikieleza katika barua yake ya mwaka 1687. Maana ya pili ni chochote kinachotokea juu ya ngozi kikawasha. Methali isemayo kwamba Mwenyezi Mungu humpa upele asiye na kucha inazitumia maana zote mbili pamoja, na katika methali hakuna hasara. Hasara huja dukani. Salfa ya unga imejulikana kwa muda mrefu katika maduka ya pwani kwa jina la kibiriti upele, jina ambalo lenyewe ni cheti cha daktari: ukiwa na upele, hii ndiyo dawa. Baadaye ikaja dawa ya kupaka ya benzili benzoeti, nayo ikarithi jina lile lile la dawa ya upele.

Tazama basi linalotokea. Mtoto alipata mafua na homa wiki iliyopita. Homa imekwisha, na sasa mwili umejaa mabaka yanayowasha. Jirani anasema, huo ni upele. Kwa neno hilo moja mtoto anapakwa dawa inayochoma juu ya ngozi ambayo tayari ina hasira. Nguo za nyumba nzima zinachemshwa. Ndugu zake wanapakwa pia. Na mwalimu, kwa haki kabisa kwa mujibu wa jina alilopewa, anamrudisha nyumbani asije akaambukiza wenzake. Siku chache baadaye mabaka yanatoweka yenyewe, kama yalivyokuwa yatoweke bila ya dawa yoyote, na dawa inapata sifa isiyoistahili. Zaidi ya hayo, upele kwa watu wengi ni alama ya uchafu, na mama aliyeambiwa mwanawe ana upele amekwisha kusikia kwamba hamwogeshi.

Lugha yenyewe inatupa njia ya kutoka. Iko tofauti, ambayo wasemaji waangalifu huishika bila kufundishwa, baina ya upele katika umoja wake, ukiwa ugonjwa, na kipele au vipele, ambavyo ni alama tu juu ya ngozi. Kusema mtoto ana vipele si kutaja ugonjwa. Ni kueleza kilichoonekana. Tunapendekeza tofauti hii ishikwe kwa nguvu zaidi katika maandishi ya afya: upele uachiwe ugonjwa wa kidudu peke yake, na vipele viwe neno la jumla.

Juu ya harara hatuna mengi. Neno limetokana na Kiarabu, nalo huko maana yake ni joto. Kwetu limekuwa jina la vijipele vya joto na jasho vinavyowapata watoto wachanga katika miezi ya kaskazi. Kuliita harara kila jambo linaloota kwa mtoto si kosa la hatari mara nyingi, kwa sababu tiba ya harara ni maji na upepo, navyo havimdhuru mtu. Lakini neno hili lina wazo ndani yake, kwamba joto limo mwilini nalo linatafuta njia ya kutoka. Al-Razi naye aliieleza ndui kwa mfano wa damu ya mtoto inayochemka kama maji ya zabibu yanavyochemka yanapogeuka kuwa mvinyo. Hatudai kwamba imani ya watu wetu wengi, kwamba surua isizuiwe bali iachwe itoke nje, ilifika katika kitabu chake. Watu wawili waweza kutazama kitu kimoja wakafikiri sawa. Lakini kwa sababu ya imani hiyo wako watoto waliocheleweshwa kufikishwa hospitali, wakingojewa watoke vizuri kwanza.

Msomaji aweza kuuliza kama wenzetu wenye vitabu vingi wamefaulu zaidi katika kuvipa majina vipele vidogo. Jibu ni kwamba waliishiwa na majina, wakaanza kuhesabu. Mwaka 1900 daktari Clement Dukes wa Uingereza aliandika juu ya ugonjwa aliouita wa nne, baada ya surua, skarlatina na rubela. Madaktari wengi waliokuja nyuma yake hawakusadiki kwamba upo. Mwaka 1905 ukatajwa ugonjwa wa tano, ule unaoyafanya mashavu ya mtoto yaonekane kama yamepigwa kofi. Mwaka 1910 John Zahorsky wa Marekani akaeleza rozeola ya watoto wachanga, ambayo hutokea homa inaposhuka, nayo ikahesabiwa ya sita. Virusi wa ugonjwa wa tano hakujulikana mpaka 1983, na wa rozeola mpaka 1988. Wafasiri wawili watatu wamejaribu kuandika ugonjwa wa tano katika Kiswahili. Msomaji wa kwetu huuliza mara moja: wa tano katika hesabu ipi? Hesabu isiyokuwa na mwanzo wake haifai kuwa istilahi.

Na kwa kuwa tumetaja virusi, tuseme neno juu yake. Neno hili liliingia likiwa na umbo la ugeni, lakini wasemaji walisikia mwanzoni mwake vi- ya wingi, wakalipatia umoja wake, kirusi, bila kuuliza ruhusa ya mtu. Wako waliolalamika kwamba Kirusi ni lugha ya watu wa Urusi. Malalamiko hayo hayakufua dafu, hasa baada ya UKIMWI kuonekana nchini Tanzania mwaka 1983 na neno virusi kuwa katika kinywa cha kila mtu. Tofauti ya kiini chenye virusi na kiini chenye bakteria ina maana kubwa katika somo letu, kwa sababu penisilini haiui virusi. Na hapo ndipo tunapofika kwenye neno mzio.

Mzio ni neno la kale na lenye heshima. Ni kitu ambacho mtu hukizia, yaani hujiepusha nacho: samaki fulani, nyama fulani, ama kwa sababu ya ukoo wake au kwa amri ya mganga aliyemtibu. Lilikaa karibu na mwiko. Ilipohitajika istilahi ya hali ambayo mwili hupambana na kitu kisichowadhuru watu wengine, neno hili lilichukuliwa, na kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996 inalo kwa maana hiyo. Ni uteuzi mzuri kwa mtu ambaye kila alapo kamba midomo humvimba. Lakini tulinganishe na neno lililotafsiriwa. Lilitungwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya nyingine na kazi. Naye alikusudia kutaja kugeuka kwa namna mwili unavyojibu, baada ya chanjo au baada ya kutiwa dawa ya kinga iliyotokana na damu ya farasi. Neno lake linautaja mwili. Neno letu linakitaja kitu cha kuepukwa.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo mpaka ifike katika chumba cha daktari. Mabaka yavimbayo na kuwasha, ambayo wataalamu huyaita urtikaria, kwa watoto huletwa mara nyingi kabisa na maambukizo ya virusi, si na chakula. Baka moja moja halikai mahali pamoja zaidi ya saa 24. Hutoweka hapa likaota pale, na baada ya siku au wiki chache mambo yote hwisha bila kovu. Daktari mwenye haraka husema: ni mzio. Na neno hilo, kwa jinsi lilivyojengwa, haliwezi kusikika bila kuzaa swali: mzio wa nini? Lazima kipatikane cha kuziwa. Basi mtoto anakatazwa mayai, anakatazwa samaki, anakatazwa maziwa, katika nyumba ambayo huenda vyakula hivyo havikuwa vingi tangu hapo. Mwaka ukipita hakuna anayekumbuka ni kwa nini.

La kuumiza zaidi ni dawa. Mtoto mwenye homa ya virusi akipewa amoksilini, na siku ya tatu au ya nne akatokwa na vipele, dawa ndiyo itakayoshtakiwa, ingawa virusi peke yao wangeweza kuvileta. Tangu miaka ya 1960 madaktari wamejua kwamba wagonjwa wa homa ya virusi vya Epstein-Barr wakipewa ampisilini hutokwa na vipele kwa wingi wa ajabu, nao baadaye huitumia dawa hiyo hiyo bila madhara. Katika watu walioandikiwa kwamba penisilini haiwapatani, zaidi ya 9 katika kila 10, wanapopimwa kwa utaratibu wa hospitali, huonekana kwamba waweza kuitumia. Lakini neno limekwisha kuandikwa. Kwa mtoto mwenye selimundu, ambaye hupewa penisilini kila siku katika miaka yake ya kwanza ili kumkinga, au mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi, ambaye huchomwa sindano yake kila wiki 3 au 4, neno moja lililoandikwa kwa haraka laweza kumnyima kinga iliyo bora na rahisi. Hatusemi kwamba mzio wa penisilini haupo. Upo, na mtoto anayevimba midomo au kubanwa na pumzi mara baada ya kupewa dawa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Tunasema kwamba neno limepanuka kupita mipaka ya kitu chake.

Je, tutunge nini? Wananchi wameonyesha kwamba wanaweza. Kirusi cha tetekuwanga hakitoki mwilini. Hujificha katika mishipa ya fahamu, na baada ya miaka mingi huweza kurudi kwa safu ya malengelenge inayozunguka ubavu. Watu wakauita mkanda wa jeshi, na Wagiriki wa kale nao, bila ya kushauriana na sisi, waliuita kwa neno lao la mkanda. Kwa urtikaria tuliwahi kufikiri juu ya upupu. William Cullen alipolipa ugonjwa huo jina la Kilatini mwaka 1769 alilitoa katika mmea unaochoma ukiguswa, na kwetu mmea wa kazi hiyo ni upupu. Mfano unafaa sana, kwa yeyote aliyewahi kupita porini bila kutazama. Lakini upupu pia ni kitu ambacho mtu humwekea mwenziwe kitandani kwa ubaya, na jina la ugonjwa lisilete mshtakiwa ndani ya nyumba.

Kwa hiyo tunapendelea mabaka ya kuhamahama, jina linalobeba ndani yake dalili yenyewe, hata mama aweze kumjibu tabibu kama yalihama au hayakuhama. Kwa kundi zima la vipele vinavyotokea wakati wa maambukizo ya virusi au baada yake, pamoja na vile vya mashavuni, mikononi na matakoni ambavyo Gianotti alivieleza huko Milano mwaka 1955, tunapendekeza vipele vya kufuatia homa. Ni maneno marefu kidogo, wala hayana fahari, lakini hayamtumi mtu kununua kibiriti upele. Mzio nalo libaki, kwa sharti kwamba katika kadi ya mtoto lisiandikwe peke yake. Lifuatwe na jina la kitu chenyewe, na tarehe, na saa au siku zilizopita tangu kilipotumiwa hadi vipele vilipoonekana. Na pale ambapo kitu hicho hakijulikani, nafasi hiyo ya kadi iachwe wazi.